Kauli na Kasi: Hatari za Biashara ya Hisa Iendeshwayo na Kompyuta

Maneno ambayo Kiswahili hutumia kwa mambo ya biashara yana sauti ya binadamu ndani yake. Mnada watokana na kunadi, na kunadi ni kutangaza kwa sauti ili watu wasikie. Dalali ni mtu ambaye kazi yake ni kusema: humsemea muuzaji mbele ya mnunuzi, na mnunuzi mbele ya muuzaji. Kupatana bei ni kubishana mpaka maneno ya pande mbili yalingane. Hata arbuni, zile fedha chache atoazo mnunuzi kabla ya kulipa zilizobaki, ni ushahidi kwamba neno lake ni la kweli. Msamiati huu wote umejengwa juu ya sharti moja, kwamba mtoa bei yupo, anasikika, na aweza kushikwa kwa neno lake.

Nia ya makala hii ni kueleza namna ya biashara ambayo imelilegeza sharti hilo. Katika masoko makubwa ya hisa ya Marekani na Ulaya, sehemu kubwa ya bei za kila siku haitolewi na watu. Hutolewa na kompyuta, hufutwa na kompyuta, na hukubaliwa na kompyuta nyingine, yote kwa muda ambao sikio la mtu haliwezi kuupima. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya mauzo ya hisa nchini Marekani hufanywa kwa njia hii. Wanauchumi wameandika mengi juu ya faida na hasara zake. Lakini tukizichunguza ajali mashuhuri zilizotokea tangu mwaka 2010, twaona kwamba zilikuwa ajali za maana kabla ya kuwa ajali za fedha: kauli iliyotolewa bila azma, ishara iliyokuwa na maana mbili, sentensi iliyosomwa bila kuulizwa imesemwa na nani. Kwa hiyo mwanaisimu naye ana la kusema hapa. Madai yangu ni kwamba hatari ya biashara hii huanzia pale kauli inapotengwa na msemaji wake. Kasi huja baadaye, kuieneza hasara kabla mtu hajapata kuuliza swali.

Juu ya majina

Kwanza yatupasa tukubaliane juu ya majina. Tafsiri ya neno kwa neno ya jina litumikalo Ulaya na Marekani ingetupa kitu kama “biashara ya marudio mengi”. Jina hilo laeleza tabia moja ya jambo na kukiacha kiini chake, maana muuza maandazi naye hurudia mauzo mara nyingi kwa siku. Katika makala hii nitasema biashara ya kasi. Sikulichagua neno haraka, na sababu yake ni ya maana. Haraka ni hali ya mtu: mwenye haraka huruka hatua, na ndiyo sababu methali yetu yamnyima baraka. Kasi ni hali ya mwendo, nayo hupimika: twasema kasi ya mto, kasi ya gari, kasi ya upepo. Kompyuta hairuki hatua yo yote ya kazi iliyopewa. Huzipita zote, moja baada ya moja, ila kwa muda mfupi mno. Anayeishutumu mashine kwa haraka amekosea kuutaja ugonjwa.

Neno la pili ni ukwasi. Katika lugha ya fasihi, mkwasi ni tajiri na ukwasi ni utajiri. Mabenki na wasimamizi wa fedha wa siku hizi hulitumia kwa maana nyingine, yaani wepesi wa kugeuza mali kuwa fedha taslimu bila kuivunja bei yake. Maana hizi mbili hukaribiana, lakini hazilingani. Mwenye shamba la minazi ekari mia aweza kuwa mkwasi kwa maana ya kwanza, akakosa ukwasi kwa maana ya pili siku akitaka fedha za hospitali kabla ya jua kuchwa. Katika makala hii nalitumia neno kwa maana ya pili tu.

Neno la tatu ni agizo. Agizo ni kauli iliyopelekwa sokoni, isemayo: nitanunua hisa kadhaa kwa bei kadhaa, au nitauza. Neno hili lina matata yake. Katika matumizi ya kawaida, mwenye kuagiza hutazamiwa kukipokea alichoagiza kikifika. Tutaona kwamba agizo la biashara ya kasi mara nyingi halitazamii kupokea kitu.

Jinsi biashara ifanywavyo

Kila soko la hisa lina daftari la maagizo. Upande mmoja huandikwa bei za wanunuzi, upande wa pili bei za wauzaji. Tuseme mnunuzi bora yu tayari kutoa dola 20 na senti 10 kwa hisa moja, na muuzaji bora ataka dola 20 na senti 11. Senti moja iliyo kati yao ndiyo pengo la bei. Kampuni ya biashara ya kasi huweka maagizo pande zote mbili, ikitumaini kununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu, na kubaki na senti hiyo au sehemu yake. Faida ya mara moja ni ndogo sana. Ikirudiwa mara maelfu kwa maelfu kwa siku, huwa fedha nyingi. Jioni ifikapo kampuni kama hiyo hupenda isiwe na hisa yo yote mkononi, kwa kuwa haikununua ili imiliki bali ili ipitishe.

Hofu ya kampuni yenyewe ni kupitwa na habari. Bei za mikataba ya hisa zikipanda Chicago, bei za hisa zinazohusiana nayo zitapanda New York punde si punde. Aliyeacha agizo la kuuza kwa bei ya zamani atachukuliwa hisa zake kwa bei hiyo na yule aliyezipata habari kwanza. Hivyo kila kampuni hushindana kufuta maagizo yake yaliyopitwa na wakati, na kuyawahi ya wengine kabla hayajafutwa. Mashindano haya yameleta ujenzi wa ajabu. Mwaka 2010 ilifunguliwa kebo ya nyuzi za kioo kati ya Chicago na New Jersey, iliyopitishwa njia iliyonyooka kuliko zilizotangulia, hata katika milima ya Pennsylvania. Iliipunguza safari ya habari, kwenda na kurudi, ikawa kama milisekunde 13, yaani sehemu 13 za elfu za sekunde moja. Miaka michache baadaye kebo hiyo nayo ikapitwa na minara ya mawimbi ya redio, kwa kuwa mawimbi hewani hukimbia kuliko mwanga ndani ya kioo. Kope la mtu hutumia zaidi ya milisekunde 100 kufumba na kufumbua. Tena kampuni hukodi nafasi za kompyuta zao ndani ya majumba yale yale yenye kompyuta za soko, huko Mahwah na Carteret katika New Jersey, ili urefu wa waya usizicheleweshe.

Haitakuwa haki kunyamaza juu ya faida. Hadi mwaka 2001 bei za hisa nchini Marekani zilitajwa kwa visehemu vya dola, kama moja ya kumi na sita, na pengo la bei halikuweza kuwa dogo kuliko hapo. Bei zilipoanza kutajwa kwa senti, na kompyuta zikaingia kushindana, pengo la hisa zinazouzwa sana lilipungua hata likafika senti moja. Mtu wa kawaida anayenunua hisa chache hulipa gharama ndogo kuliko mzazi wake alivyolipa. Bei za kitu kimoja katika masoko mbalimbali nazo hulingana upesi. Basi hakuna ubishi kwamba biashara hii ina manufaa siku za kawaida. Swali ni kama manufaa hayo hubaki siku ile yanapohitajiwa zaidi.

Tarehe 6 Mei 2010

Siku hiyo masoko yalikuwa na wasiwasi kwa sababu ya madeni ya Ugiriki. Saa nane na dakika 32 mchana, kwa saa za New York, mwekezaji mmoja mkubwa alianza kuuza mikataba 75,000 iliyofungamanishwa na fahirisi ya S&P 500, yaani kipimo cha jumla cha bei za makampuni makubwa 500 ya Marekani. Thamani ya mikataba hiyo ilikuwa kama dola bilioni 4.1. Kazi ya kuuza ilipewa programu. Mamlaka mbili za Marekani zisimamiazo masoko ya hisa na ya mikataba zilitoa taarifa yao tarehe 30 Septemba 2010, nayo yaeleza kwamba programu hiyo iliamriwa iuze kwa kiwango cha asilimia 9 ya mauzo yote ya dakika iliyotangulia, bila kujali bei wala muda.

Tuizingatie amri hiyo kama tuzingatiavyo sentensi. Ndani yake mna dhana isiyotamkwa, kwamba mauzo yakiwa mengi basi wanunuzi ni wengi. Siku za kawaida dhana hiyo ni kweli. Lakini miongoni mwa wanunuzi wa kwanza walikuwamo makampuni ya kasi, ambayo hayapendi kukaa na mzigo. Yakaanza kuuziana yenyewe kwa yenyewe, kama watu warushianao kaa la moto. Katika sekunde 14 tu, kuanzia saa nane, dakika 45 na sekunde 13, makampuni hayo yalibadilishana mikataba zaidi ya 27,000, karibu nusu ya mauzo yote ya sekunde hizo, na kwa jumla yakawa yameongeza mikataba kama 200 tu mikononi mwao. Programu ya muuzaji ilihesabu mauzo hayo, ikayaona mengi, ikazidi kuuza. Mauzo yalikuwa mengi. Ukwasi ulikuwa umekwisha.

Fahirisi ya Dow Jones ilishuka karibu pointi 1,000, kiasi cha asilimia 9 chini ya kiwango cha jana yake, na sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokea katika dakika chache. Kilichouzuia mporomoko wa mikataba ni kimya. Saa nane, dakika 45 na sekunde 28, mtambo wa soko la Chicago ulisimamisha mauzo kwa sekunde 5. Katika sekunde hizo 5 maagizo ya kuuza yalipungua na ya kununua yakaongezeka. Mauzo yalipofunguliwa tena, bei zikatulia, kisha zikaanza kupanda.

Katika masoko ya hisa mkanganyiko uliendelea kwa dakika kadhaa zaidi. Mauzo zaidi ya 20,000, ya aina zaidi ya 300 za hisa na dhamana nyingine, yalifanywa kwa bei zilizopotoka kwa zaidi ya asilimia 60 kutoka bei za dakika chache kabla. Hisa za kampuni ya Accenture, zilizokuwa na thamani ya dola 40 hivi, ziliuzwa kwa senti moja. Mauzo yaliyopotoka kiasi hicho yalibatilishwa baadaye. Lakini mamlaka zilihitaji karibu miezi 5 kueleza mambo yaliyotukia katika dakika zisizozidi 30.

Kauli bila azma

Msomaji atauliza: ni nani aliyetoa bei ya senti moja? Kanuni ziliwataka wafanyabiashara fulani wawe na bei sokoni wakati wote, ya kununua na ya kuuza. Wasiotaka kufanya biashara walitimiza kanuni kwa kuweka bei ambazo hapana mtu mwenye akili angezikubali: senti moja ya kununua, au dola laki moja kasoro senti moja ya kuuza. Yalikuwa maneno ya kutimiza wajibu tu, kama mtu asemaye “karibu chakula” huku akifunika sufuria. Binadamu huijua kaida ya maneno hayo, naye hushukuru akapita. Programu haiijui kaida. Ilipowakosa wanunuzi wengine, ilikaribia, ikaketi, ikala.

J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba baadhi ya kauli hazielezi jambo bali hulitenda: asemaye “naahidi” ameshaahidi. Alionyesha vile vile kwamba tendo la namna hiyo laweza kuharibika, likitamkwa mahali pasipo pake, au na mtu asiye na azma. Bei itolewayo sokoni ni kauli ya namna hii. Asemaye “nanunua kwa dola 20” hakutoa habari za moyo wake, amejifunga. Wahenga wetu waliisema dhana hiyo kwa maneno machache zaidi: ahadi ni deni.

Hapa twaweza kuuelewa ubaya wa hila ambayo nitaiita kuzuga, kwa kuwa neno hilo lina maana ya kumpumbaza mtu ili asione kinachotendeka. Mzugaji ataka kuuza hisa zake kwa bei ya juu. Huweka agizo dogo la kuuza, ambalo ni la kweli, kisha huweka maagizo makubwa ya kununua, ambayo si ya kweli. Wengine wakiyaona maagizo makubwa hudhani wanunuzi wamefurika, na hupandisha bei zao. Agizo dogo hutimizwa kwa bei hiyo iliyopanda, na maagizo makubwa hufutwa kabla hayajaguswa. Yote haya hutendeka chini ya sekunde moja. Sheria ya fedha iliyotungwa Marekani mwaka 2010 ilikataza kutoa bei kwa azma ya kuifuta kabla haijakubaliwa. Mwezi wa Novemba 2015 baraza la wazee wa mahakama huko Chicago lilimtia hatiani mfanyabiashara wa kwanza kwa jinai hiyo, na rufani yake ikashindwa mwaka 2017. Mwingine, aliyefanyia biashara yake nyumbani kwa wazazi wake London, alikiri mwaka 2016 makosa ya namna hiyo, na miongoni mwa siku alizoshtakiwa nazo ilikuwamo ile ya 6 Mei 2010. Kiasi cha mchango wake katika anguko la siku hiyo bado chabishaniwa na wanazuoni.

Ugumu wa sheria hiyo ni wa maana. Maagizo mengi sana ya biashara ya kasi hufutwa, hata ya wafanyabiashara waaminifu, kwa sababu bei hubadilika. Kufuta peke yake si kosa. Kosa limo katika azma. Na azma ya programu iko wapi? Katika kesi ya Chicago ilibidi itafutwe kwa mtu aliyeitaka programu hiyo iandikwe, na mwandishi wa programu mwenyewe akaitwa kutoa ushahidi. Yaani mahakama ilipotaka kuihukumu kauli, ilianza kwa kumtafuta msemaji.

Ishara moja, maana mbili

Ajali ya pili haikuwa na hila ndani yake. Kampuni ya Knight Capital, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa hisa Marekani, ilitayarisha programu mpya ya kuanza kazi tarehe 1 Agosti 2012. Programu hiyo ilipasa kunakiliwa katika kompyuta 8. Ilinakiliwa katika 7. Tena ilitayarishwa iamshwe kwa ishara ambayo zamani iliamsha kazi nyingine, iliyoachwa kutumika tangu mwaka 2003 ingawa haikufutwa. Soko lilipofunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, ishara ile ikafika kwa kompyuta zote. Saba zikaielewa kwa maana mpya. Ya nane ikaielewa kwa maana ya kale, ikaanza kutuma maagizo bila kujua kwamba yametosha, maana kipimo cha kuyahesabu kilikuwa kimehamishwa mahali pengine katika programu miaka mingi kabla.

Katika dakika 45 hitilafu hiyo ilileta manunuzi na mauzo zaidi ya milioni 4, ya hisa za makampuni 154. Hasara ilizidi dola milioni 460. Kabla soko halijafunguliwa, mfumo wa kampuni yenyewe ulikuwa umepeleka barua pepe 97 kwa wafanyakazi, zikitaja hitilafu. Hazikutungwa ziwe maonyo, na hapana aliyezishughulikia. Mwaka uliofuata kampuni ikapoteza uhuru wake kwa kuunganishwa na kampuni nyingine, iliyokuwa ya biashara ya kasi.

Lugha zote za binadamu zina maneno yenye maana zaidi ya moja, nazo haziporomoki kwa sababu hiyo. Mtoto aambiwaye “tazama paa” hujua kwa mahali aliposimama kama atazame juu ya nyumba au porini, na akishindwa huuliza. Kuuliza ni sehemu ya lugha. Kompyuta ya nane haikuwa na mahali pa kusimama, wala haikufundishwa kuuliza. Kwa kasi ya mashine, kila sekunde ya kutoelewa iligeuka maagizo zaidi ya elfu moja.

Habari bila mtoa habari

Ajali ya tatu yahusu kusoma. Baadhi ya programu za biashara husoma habari zitangazwazo, hutafuta maneno fulani, na hununua au huuza kwa kuyafuata. Tarehe 23 Aprili 2013, saa saba na dakika 7 mchana kwa saa za New York, akaunti ya Twitter ya shirika la habari la Associated Press, iliyokuwa imeingiliwa na wadukuzi, ilitangaza uongo kwamba milipuko miwili imetokea katika Ikulu ya Marekani na kwamba Barack Obama amejeruhiwa. Fahirisi ya Dow Jones ilishuka zaidi ya pointi 140 katika muda wa dakika mbili tatu, kisha ikarudi ilipokuwa baada ya uongo kukanushwa.

Mhariri mzoefu angalisita. Tangazo lilimtaja Rais aliye madarakani kwa jina tupu bila cheo chake, jambo lisilo la kawaida katika habari za shirika hilo, na hapakuwa na shirika jingine lililosema neno. Mtindo ni ushahidi wa msemaji. Kila mtu aliyepata kupokea barua ya kughushi ajua hivyo. Programu iliyofundishwa kutafuta “mlipuko” na “Ikulu” yaliyapata maneno yote mawili. Haikufundishwa kuuliza kama hivyo ndivyo shirika hilo linavyosema.

Dawa zilizojaribiwa

Wasimamizi wa masoko hawakulala. Marekani iliweka, kuanzia mwaka 2010, utaratibu wa kusimamisha kwa muda mauzo ya hisa moja moja bei yake ikipotoka ghafula, na baadaye ikaweka mipaka ambayo bei haiwezi kuivuka. Mwezi wa Novemba 2010 zilipigwa marufuku zile bei za kutimiza wajibu. Mwaka 2012 iliamriwa litengenezwe daftari moja la maagizo yote ya masoko yote, tangu kutolewa hadi kufutwa, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Ujerumani ilitunga sheria yake mwaka 2013. Ndani yake mna mambo mawili ambayo mwanaisimu atayapenda. La kwanza, agizo lililotolewa na programu sharti liwe na alama ya kulitambulisha hivyo. Ndiko kumrudisha msemaji karibu na kauli. La pili, masoko yaliagizwa kuwatoza ada wanaozidisha kiasi cha maagizo kuliko mauzo yao ya kweli. Sisi tunaijua ada ya namna hiyo tangu kale: imetenda kazi ya arbuni, kwa kulifanya neno tupu liwe na gharama. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 3 Januari 2018 zikaongeza kwamba programu zijaribiwe kabla ya kuingizwa sokoni, na kwamba kila kampuni iwe na njia ya kuyafuta maagizo yake yote mara moja.

Wengine wameishambulia kasi yenyewe. Soko la IEX la New York, lililopewa kibali cha kuwa soko kamili la hisa mwaka 2016, hupitisha kila agizo katika nyuzi za kioo zilizoviringishwa, urefu wake kama kilomita 61, ili licheleweshwe maikrosekunde 350. Wanauchumi Eric Budish, Peter Cramton na John Shim walipendekeza mwaka 2015 kwamba daftari linaloendelea bila kupumua liachwe, na badala yake uwekwe mnada wa vipindi vifupi vifupi: maagizo yote ya kipindi kimoja yakusanywe, kisha yapatanishwe kwa bei moja. Chini ya mpango huo anayetangulia kwa sehemu ya milioni ya sekunde hapati kitu kwa kutangulia, ashindanie bei. Kwa maneno mengine wataka mnada urudi kuwa mnada.

Yatuhusuje

Yawezekana mtu akasema kwamba haya ni mambo ya mbali. Ni kweli kwamba masoko yetu ni madogo, na mauzo yake ya kila siku hayatoshi kuilisha biashara ya kasi. Lakini njia iliyopitwa na wengine twaipita na sisi. Soko la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, liliendeshwa kwa miaka mingi na madalali waliojuana na kuaminiana kwa maneno. Tangu mwaka 1991 wakanadi kwa sauti ukumbini. Na mwaka 2006 sauti zikanyamaza, kompyuta zikashika kazi. Soko la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, nalo likaingia katika kompyuta.

Tena kuna jambo ambalo ni letu hasa. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo sheria za masoko ya mitaji, pamoja na kanuni zake, zitahitaji maneno, na maneno hayo yatapimwa na mawakili ambao kazi yao ni kutafuta mwanya. Akipewa ukwasi bila maelezo, wakili atadai kwamba maana yake ni utajiri, na kwamba mteja wake tajiri ameutimiza. Akipewa agizo bila maelezo, atadai kwamba lililofutwa halikuwa agizo. Akipewa udanganyifu peke yake, atasema mteja wake hakutamka uongo wo wote, na atakuwa na hoja, maana mzugaji hudanganya kwa kutoa bei, si kwa kusema uongo.

Napendekeza basi mambo matatu kwa wale watakaoshughulika na istilahi hizi. Ukwasi ufafanuliwe kwa maana yake ya soko kila unapoingia katika sheria. Kuzuga kupewe nafasi ya istilahi, kwa kuwa ni neno letu, laeleweka, na ladokeza azma ndani yake. Na bei sokoni ifafanuliwe kuwa ahadi ya mtu au kampuni yenye jina, iliyo wazi kukubaliwa kwa muda uliotajwa, hata kama ilitamkwa na mashine. Sheria isiposema hivyo, senti moja ya tarehe 6 Mei 2010 itahesabiwa kuwa bei halali katika lugha yetu pia.